The X Factor au Jugulator: uanze na ipi?

Mwimbaji Bruce Dickinson alipoiaga Iron Maiden mwaka 1993, Judas Priest tayari ilikuwa haina Rob Halford. Nguzo mbili za muziki wa metali (heavy metal) wa Uingereza zikawa zimebaki bila sauti zilizozipa jina. Kila moja ikamtafuta mwimbaji ambaye wengi hawakumjua, ikaingia studio, ikatoka na albamu nzito yenye giza, isiyofanana na zilizotangulia. Maiden iliachia The X Factor Oktoba 1995, Blaze Bayley akiwa kwenye maikrofoni. Priest ikafuata na Jugulator Oktoba 1997, mwimbaji akiwa Tim Owens, maarufu kama Ripper. Mashabiki wengi walizipokea kama watu wanaotoka msibani: kila wimbo walipima kwa aliyeondoka. Dickinson aliporudi 1999, na Halford 2003, hapakuwa tena na sababu ya kuzihangaikia, zikawekwa pembeni.

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Hukosi shabiki wa Maiden anayeiweka The X Factor juu ya No Prayer for the Dying na Fear of the Dark, zile mbili za mwisho za Dickinson kabla hajaondoka. Watetezi wa Jugulator nao wapo, wachache lakini wakali. Kama unataka kuzisikiliza upya, au hukuwahi kuzigusa kabisa kwa sababu uliambiwa usijisumbue, jibu langu la haraka ni hili: chukua The X Factor kama unafuata nyimbo, chukua Jugulator kama unafuata koo. Mwimbaji mwenye uwezo mkubwa zaidi ndiye aliyepewa nyimbo dhaifu zaidi, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya.

Nyimbo ziliandikwa kwa ajili ya nani?

Chukua majalada ya albamu zote mbili usome majina ya watunzi. Kwenye The X Factor, jina la Bayley limo katika nyimbo 5 kati ya 11: Man on the Edge, Look for the Truth, The Aftermath, The Edge of Darkness na 2 A.M. Mgeni aliyetoka Wolfsbane, bendi ndogo iliyowahi kuitangulia Maiden jukwaani katika ziara ya Uingereza ya 1990, alipewa kalamu tangu siku za mwanzo. Steve Harris, mpiga besi na mwenye neno la mwisho ndani ya Maiden, hakuandika akiwa anasikia kichwani sauti ya Dickinson. Aliandika kwa sauti aliyokuwa nayo chumbani: baritoni ya mtu wa eneo la Birmingham, nzito, yenye ukungu, isiyopenda kupanda.

Kwenye Jugulator utakuta majina mawili tu, wimbo baada ya wimbo: Glenn Tipton na K.K. Downing. Owens hayumo hata mara moja. Wapiga gita hao wawili walikuwa wameshafanya sehemu kubwa ya kazi kabla yake, kisha wakampata kijana wa Akron, Ohio, aliyekuwa akiimba nyimbo za Priest katika bendi ya kuiga iliyoitwa British Steel. Mkanda wa video wa shoo yake ulimfikia mpiga ngoma Scott Travis, na mwaka 1996 akawa mwanachama wa bendi aliyokuwa akiiabudu. Hadithi hiyo inajulikana kuliko albamu yenyewe. Ila kama unataka kuhukumu muziki, jambo la kukumbuka ni kwamba Owens alikabidhiwa nguo zilizokwisha kushonwa, wakati Bayley alipimwa kwanza.

Tofauti hiyo unaisikia. Sikiliza dakika mbili za mwanzo za Sign of the Cross, wimbo unaofungua The X Factor kwa kwaya ya kitawa na besi inayonyata. Bayley anaimba chini kabisa, karibu na kunong'ona, na utulivu huo unatisha kuliko mayowe. Dickinson ana vipaji vingi lakini hicho hana. Yeye akishusha sauti, unajua tu kwamba anajiandaa kuruka. Bayley akishusha sauti, anabaki hukohuko chini. Sasa fungua wimbo unaobeba jina la Jugulator. Baada ya utangulizi mrefu wa kujivuta, Owens anaingia kwa mngurumo na ukelele vilivyorundikwa pamoja, sauti kadhaa zake mwenyewe kwa wakati mmoja. Inashangaza. Lakini ukijiuliza ni nini katika wimbo huo kinachomhitaji yeye na si mwimbaji mwingine yeyote mwenye mapafu, jibu halipatikani upesi.

Sauti zenyewe

Hapa Owens anashinda, na hakuna haja ya kuzungukazunguka. Ana upeo wa Halford, ana chini nzito ambayo Halford wa enzi hizo hakuitumia sana, na ana nguvu za mtu aliyengoja nafasi hii maisha yake yote. Burn in Hell ndiyo shahidi mzuri. Inaanza polepole, Owens akiimba kwa upole uliojaa kitisho, kisha magita yanaingia na yeye anapanda nayo bila kuonekana kuchoka. Cathedral Spires, inayofunga albamu kwa zaidi ya dakika 9, inampa nafasi ya kuimba kweli, yaani kufuata melodi kutoka mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo unapotamani angepewa nyingine tatu za aina hiyo.

Bayley ana mipaka, na rekodi haiifichi. Kuna mahali katika The Unbeliever na Judgement of Heaven ambapo noti inamponyoka kidogo. Watu wasioipenda albamu hii hukamata hapo na hawaachii. Mimi naona kasoro hizo zinaendana na nyimbo zenyewe, kwa sababu takriban zote zinahusu watu waliochoka, waliovunjika au wanaoogopa. Sauti iliyong'arishwa ingewafanya waigizaji. Lakini ni suala la ladha. Kama sikio lako halivumilii mwimbaji anayeyumba, usijilazimishe, nenda moja kwa moja kwa Owens.

Jambo moja linalowaponza wengi ni kumhukumu Bayley kwa shoo za jukwaani na kuipa albamu adhabu hiyo. Bendi ilimtaka aimbe nyimbo za Dickinson katika ufunguo uleule wa zamani, usiku baada ya usiku, bila kulegeza nyuzi za magita ili kumpunguzia mzigo. Nyimbo hizo zilitungwa kwa sauti ya juu sana. Matatizo ya sauti yakafuata na baadhi ya shoo zikafutwa. Ukiona video ya miaka hiyo Bayley akipambana na The Trooper au Run to the Hills, unachoona ni uamuzi mbaya wa bendi. Hakihusiani na alichokifanya studio. Owens hakuwa na shida hiyo, alikuwa ameziimba za Halford kwa miaka.

Rekodi ilivyotengenezwa

The X Factor ilirekodiwa Barnyard, studio ya Harris mwenyewe huko Essex, na ikasimamiwa na Harris pamoja na Nigel Green. Martin Birch, aliyezisimamia albamu za Maiden kuanzia Killers hadi Fear of the Dark, alikuwa amestaafu, na pengo lake linasikika. Sauti ya albamu ni kavu. Magita ya Dave Murray na Janick Gers yamesukumwa nyuma, besi iko puani kwako, na sauti za kuitikia hazipo, kwa hiyo viitikio vinaachwa uchi. Kwenye spika ndogo inaweza kuonekana kama mazoezi yaliyonaswa. Ukitumia hedifoni nzuri, ukavu huo unageuka kuwa nafasi: unasikia vidole vya Harris kwenye nyuzi katika utangulizi wa Blood on the World's Hands, ambao kwa zaidi ya dakika moja ni besi peke yake ikijizungumzia.

Jugulator imejaa pomoni. Tipton, Downing na Sean Lynch waliipa sauti ya chuma cha kiwandani, magita yaliyoshushwa ufunguo, ngoma za Travis zikigonga kifuani. Unasikia wazi kwamba Priest ilikuwa imesikiliza metali ya Marekani ya miaka ile, hasa Pantera, na haikutaka kuitwa ya kizee. Kwa nyimbo tatu za kwanza inafurahisha. Baada ya hapo ngoma inayovuma sana inaanza kuchosha, maana kila kitu kiko kwenye kilele na hakuna pa kupumzikia mpaka Burn in Hell.

Maneno

The X Factor ndiyo albamu ya Maiden yenye huzuni nyingi zaidi, na ukiniuliza ndiyo sababu kubwa inayowarudisha watu kwake. Harris alikuwa katikati ya kuvunjika kwa ndoa yake. Hakuandika kuhusu talaka waziwazi. Aliandika kuhusu askari asiyelala baada ya vita katika Fortunes of War, na kuhusu mtu anayejiuliza kama kuna faida ya kuendelea kuishi katika Judgement of Heaven. Bayley na Gers wakaongeza 2 A.M., ambayo ni mtu tu aliyerudi nyumbani usiku, yuko peke yake, televisheni ikiwaka, hana analolitarajia kesho. Maiden ilikuwa imeimba kuhusu mafarao, marubani na wavamizi wa kila namna, na kamwe haikuwahi kumwandika mtu wa kawaida kiasi hicho. Wimbo huo haukupewa nafasi kubwa na yeyote wakati ule. Ndio ambao wasikilizaji waliokwisha kuvuka ujana huutaja kwanza.

Upande wa filamu na vitabu haukuachwa. Man on the Edge, singo ya kwanza, inatokana na filamu ya Falling Down ya 1993. Lord of the Flies inatokana na riwaya ya William Golding. Ila hata humo kinachotawala ni mtu anayepoteza udhibiti. Albamu nzima ina dakika 71 za hali hiyo. Usiisikilize siku ambayo tayari umeshuka moyo, au isikilize siku hiyohiyo, inategemea unavyojitibu.

Kuhusu maneno ya Jugulator sina mengi. Majina ya nyimbo yanatosha: Dead Meat, Decapitate, Death Row, Brain Dead. Brain Dead angalau ina wazo, mtu aliyenaswa ndani ya mwili usiotii, akitamani kuachiliwa. Abductors ni viumbe wa angani wanaoteka watu. Hakuna ubaya, metali ina ruhusa ya kuwa katuni, na Painkiller, albamu ya Priest ya 1990, nayo ilikuwa katuni. Tofauti ni kwamba Painkiller ilikuwa na furaha ndani yake. Jugulator imenuna.

Ziliishije baada ya waimbaji kurudi?

Hapa ndipo mizani inapoegemea upande mmoja kabisa, na ndipo tathmini mpya ya mashabiki ilipopata nguvu.

Dickinson aliporudi, Maiden haikuifuta miaka ya Bayley. Sign of the Cross iliimbwa Rio de Janeiro Januari 2001 na ikaingia katika albamu ya moja kwa moja Rock in Rio ya 2002, pamoja na The Clansman, ambayo ni ya albamu ya pili ya Bayley, Virtual XI. Lord of the Flies ikapata nafasi katika Death on the Road, albamu nyingine ya moja kwa moja. Miaka mingi baadaye, ziara ya Legacy of the Beast iliyoanza 2018 ikazirudisha Sign of the Cross na The Clansman zote mbili, zikawekwa katikati ya vibao vikubwa na hazikupwaya. Kizazi kizima cha mashabiki kilizifahamu kwanza kwa sauti ya Dickinson, kikazipenda, ndipo kikaenda kutafuta zilikotoka. Hiyo ndiyo njia ambayo The X Factor ilirejea nayo.

Zijaribu mbili zikifuatana, Sign of the Cross ya Rio na ya 1995. Dickinson anakishinda kiitikio, hilo halina ubishi. Anakifungua kama mlango wa kanisa. Lakini sehemu tulivu ya mwanzo bado ni ya Bayley, na sioni atakayemnyang'anya.

Upande wa Priest, Halford aliporudi, Jugulator ilifungiwa nje. Nyimbo zake hazikuwa sehemu ya maonyesho ya bendi. Bendi ilipoingizwa Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2022, Owens hakuwa katika orodha ya waliotunukiwa, ingawa aliimba albamu mbili za studio na mbili za moja kwa moja. Aliyezibeba nyimbo hizo ni Downing: alipounda KK's Priest baada ya kuondoka Judas Priest, alimwita Owens, na Burn in Hell ikapanda jukwaani tena. Kwa hiyo Jugulator haikupata mtetezi mwenye sauti ambayo mashabiki waliizoea. Huenda ndiyo sababu tathmini yake mpya imekwenda taratibu. Hata hivyo nadhani ingepata daraja la chini hata kama Halford angeiimba yote. Bullet Train ilipendekezwa kwa tuzo ya Grammy mwaka 1999, na ni wimbo mzuri wa kasi, lakini mtu hatoki nao akiuimba njiani.

Uchague vipi

Kama unaijua Maiden kwa Run to the Hills na The Number of the Beast tu, usianze The X Factor kwa mpangilio wake. Kufungua albamu kwa wimbo wa dakika 11 kulikuwa ni ujasiri uliowapoteza wengi kabla hawajafika mlangoni. Anza na Man on the Edge, uone kwamba kasi bado ipo. Kisha Lord of the Flies. Kisha The Edge of Darkness, ambayo inabadilika mara kadhaa na kila badiliko lina kazi. Baada ya hapo Sign of the Cross itakuwa zawadi. Look for the Truth na The Unbeliever ziache kwa siku nyingine. Ya kwanza inarudia yaliyokwisha kusemwa, ya pili ina mawazo mazuri yasiyosalimiana.

Kama wewe ni mpenzi wa Painkiller na unataka makali zaidi, Jugulator itakuridhisha kuliko mimi ilivyoniridhisha. Sikiliza Burn in Hell, Blood Stained, Bullet Train na Cathedral Spires, na hapo umeshapata bora zake. Kama shida yako ni kujua tu Owens alikuwa na uwezo gani, kuna njia fupi: '98 Live Meltdown, albamu ya jukwaani ambamo anaziimba Victim of Changes na Painkiller bila woga, na nyimbo za Jugulator zilizo humo zinapumua vizuri kuliko studio. Demolition ya 2001 iache mpaka uwe umemaliza kila kitu kingine.

Virtual XI ya 1998 nayo ina watetezi siku hizi. Ina The Clansman na Futureal, na hizo mbili zinatosha kukufanya uipitie. Ila ina The Angel and the Gambler pia, karibu dakika 10, kiitikio kikirudiwa mpaka unatazama kama kifaa chako kimekwama. Ilifika nafasi ya 16 katika chati ya Uingereza, wakati The X Factor ilikuwa imefika ya 8 na Fear of the Dark ya 1. Mteremko huo ndio ulioisha kwa Bayley kuachishwa Januari 1999.

Na kama hakuna inayokushika kati ya hizi mbili, tatizo huenda ni miaka ya 1990 yenyewe, hukuipenda hali ya hewa yake. Rudi nyuma kidogo kwa Headless Cross ya Black Sabbath, 1989, Tony Martin akiimba na Cozy Powell akipiga ngoma kama mtu anayedai deni. Nayo ilipuuzwa kwa miongo, ikawa ngumu kupatikana, hadi seti ya Anno Domini 1989–1995 ilipotoka Mei 2024 na kuirudisha sokoni pamoja na tatu za Martin zilizoifuata. Martin ana upeo unaokaribia wa Owens na alipata nyimbo zinazomfaa kama Bayley. Ukitaka vyote viwili kwa mara moja, anza na When Death Calls, ambayo solo yake imepigwa na Brian May.